Ukomo Ulipofika, Kijiji Kilikuwa Kimeshapanga

Kila mwisho wa mwaka mama hunitumia korosho kwa basi. Huzitia kwenye kiroba cha unga, akakishona mdomo kwa kamba ya katani, na juu yake akaandika jina langu na namba ya simu kwa maka pen nyeusi. Kondakta hunipigia gari likishapita Vikindu. Natoka Kizuiani kwa bodaboda kabla ya adhana ya alfajiri, nasimama Mbagala Rangi Tatu pale wanaposhukia watu wa kusini.

Nimesimama pale kwa miaka tisa sasa, na nimeshazoea kuwatazama wanaoshuka. Wapo akina mama wanaokuja kuuguza, wapo wafanyabiashara wanaojua wanakokwenda, halafu wapo vijana. Umri wao kumi na minane, ishirini, ishirini na mbili. Begi moja mgongoni, kiatu kimefutwa vumbi ndani ya gari, simu ya kitochi mkononi. Husimama kando wakisubiri kulichelee. Mwaka jana mmoja alinisogelea akaniamkia, akaniomba nimsaidie kumpigia kaka yake, maana simu yake ilikuwa imeisha chaji. Kaka hakupokea. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai mpaka saa moja ya asubuhi, tukazungumza kwa Kimakonde. Alikuwa ametoka kijiji ambacho wakulima wake wanauza korosho kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ileile ya mama. Wiki chache baadaye nikamwona kwenye foleni ya Mtoni kwa Azizi Ally, anapita kati ya magari na vipakiti vya korosho za kukaanga. Nilinunua viwili. Mzigo anaununua Kariakoo, aliniambia.

Makala hii naiandika kwa sababu ya kijana yule, na kwa sababu nchi iko katika kipindi cha kupanga upya. Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma Julai 2025. Mpango wa Tatu wa Miaka Mitano unaishia 2025/26 na wa nne unafuata. Sera nyingi zinafunguliwa na kuandikwa tena, ikiwemo namna Serikali Kuu itakavyoikuza mikoa kiuchumi. Nimefanya kazi ya mipango halmashauri, najua karatasi hizi zinavyosafiri. Nina jambo moja la kusema kuhusu sera hiyo, na nalisema kwa uchungu.

Nianzie kwa babu.

Kwenye shule ya msingi niliyosoma, kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Tulikigonga kwa nati kubwa na sauti yake ilifika mpaka kwenye mashamba ya bondeni. Nilikuwa darasa la tano nilipomuuliza babu reli ilitoka wapi wakati kusini hakuna treni. Akanijibu treni ilikuwepo. Waingereza walianzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakafyeka pori Nachingwea, Kongwa na Urambo, na kwa ajili ya karanga za Nachingwea wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na njia ya reli kuelekea bara. Mradi ulipangwa London na watu ambao hawakuwa wameuliza udongo wa Kongwa ukikauka unakuwaje, wala mvua za Nachingwea zinanyesha vipi. Karanga zilikataa. Miaka michache tu mradi ukafa, na reli ikabaki haina mzigo wa kutosha. Mwaka 1962 ilifungwa, kisha ikang'olewa. Babu alikuwa kibarua kwenye kung'oa. Kipande cha shuleni alikibeba yeye na wenzake.

Baada ya hapo tulijitawala na tukajaribu kwa nia njema. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1969, ulitaja miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isibebe kila kitu: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. Hilo lilikuwa wazo zuri na bado ni zuri. Viwanda vilipelekwa mikoani: nguo Mwanza na Musoma, matairi Arusha, zana za kilimo Mbeya, viatu Morogoro. Kusini tulijengewa viwanda vya kubangua korosho. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Jiji hili la Dar es Salaam, ambalo kwenye sensa ya 1967 mkoa wake wote haukufika watu laki nne, lilikuwa tayari linatisha kwa kukua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728.

Kuna jambo la miaka ileile ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mwaka 1972 ulikuja mfumo ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa tamu, lakini halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na kazi zake zikachukuliwa na maofisa walioteuliwa kutoka juu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa. Mikoa ikagawiwa wafadhili ili kila mmoja aandikiwe mpango wake: Tanga Wajerumani, Rukwa Wanorwe, Mtwara na Lindi Wafini. Mwalimu mwenyewe, katika mahojiano ya mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya asingevunja serikali za mitaa wala ushirika. Namheshimu sana kwa kulisema hilo angali madarakani. Sheria za 1982 zilizirudisha halmashauri, na Katiba yetu, ibara ya 146, inasema wazi kwamba zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Zilirudi kwa jina na kwa majengo. Kilichorudi ndani yake nilikiona kwa macho nilipoajiriwa.

Nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja ya kusini kwa miaka minne. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuendesha zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambalo wengi wanaliita O na OD. Mnakaa kijijini siku kadhaa. Wananchi wanachora ramani ya kijiji chao chini kwa majivu, majani na vijiti: huku kisima, huku zahanati, huku njia ya kwenda ghalani. Halafu wanataja shida, wanataja walichonacho, wanapanga kipi kitangulie. Wengine hupiga kura kwa mahindi. Sisi kijiji kile tulitumia korosho, kila mtu tano, unaziweka kwenye kadi ya jambo unalotaka.

Wanawake walikaa pembeni wakanong'onezana kwanza. Kisha akanyanyuka bibi mmoja, akaenda moja kwa moja kwenye kadi ya banda la kubangulia korosho lenye tangi la kuvunia maji ya mvua, akaziweka zote tano pale. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Kadi ikafunikwa, haikuonekana tena.

Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono atajua walikuwa wanasema nini. Unazichoma kwenye debe lililotobolewa matundu, mafuta ya ganda yanashika moto, moshi unachoma macho na kifua. Ukishazizima kwa mchanga unakaa chini unagonga moja moja, na yale mafuta yaliyobaki yanachubua vidole mpaka ngozi inatoka vipande. Mama anapaka majivu. Vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havina alama, hata mashine ya kusoma vidole ilimkataa alipokwenda kujiandikisha. Na ukishabangua unahitaji maji, na juu ya uwanda wa Makonde maji ni kitu cha kutafutwa. Kwa hiyo banda, jiko la kuchomea lenye bomba la moshi, mashine ndogo za kukatia za mkono na tangi: hicho ndicho walichokitaka. Jambo la pili lilikuwa kilomita sita za barabara ya kwenda ghalani, maana masika gari haliingii.

Mpango uliandikwa. Ukasainiwa na mwenyekiti wa kijiji, ukapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ukafika wilayani. Ulikuwa mpango mzuri, una hesabu na una michango yao wenyewe: tofali, mchanga, nguvu kazi.

Kisha ukaja ukomo wa bajeti.

Kwa asiyejua: ukomo ni kiwango ambacho halmashauri inaambiwa kutoka juu kwamba bajeti yake isizidi hapo, na mara nyingi kinakuja kimeshaeleza fedha ya maendeleo itumike kwa nini. Kwetu ulichelewa. Ulipofika tulikuwa na siku chache za kurekebisha kila kitu, na maelekezo yalikuwa yamejaza nafasi yote. Tulikaa ofisini usiku na jenereta linanguruma nje, nikawa nafuta mistari kwenye mfumo. Mstari wa banda niliufuta kwa mkono wangu. Barabara ikafuata. Mambo yaliyoingia badala yake hayakuwa mabaya, ni madarasa na vitu vya aina hiyo, na nisingependa mtu aelewe kwamba napinga madarasa. Lakini kijiji hakikuulizwa tena.

Miezi kadhaa baadaye nilipita pale kwa kazi nyingine. Wananchi walikuwa wameshafyatua tofali na kuinua ukuta wa banda mpaka kwenye lenta, wakisubiri mabati ya serikali kama ilivyo desturi ya maboma yote nchini. Mwenyekiti akanipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akaniuliza taratibu: “Mwanangu, lile banda letu limefikia wapi?” Nilimwambia ukweli. Hakukasirika. Alitazama lile boma kwa muda, kisha akauliza habari za mama yangu. Mwaka uliofuata niliacha kazi nikaja Dar es Salaam, kwa hiyo na mimi ni mmoja wa wale wanaoshuka Rangi Tatu.

Ninachotaka kukisema kuhusu sera ni hiki. Tumekuwa tukihuisha kila kitu isipokuwa mahali uamuzi na fedha vinapokaa. Tumebadili majina ya mipango, tumeongeza mikoa (Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, Songwe mwaka 2016), tumechora kanda, tumechora shoroba, tumejenga. Kujenga nakushukuru kwa moyo wote. Nakumbuka kulala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji, na nakumbuka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 wazee walivyolia. Leo treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kwa saa zisizozidi nne, jambo ambalo baba yangu asingeliamini. Lakini njia nzuri inabeba kinachopatikana. Kama korosho inatoka Newala ikiwa ghafi, na kijana wa Newala anatoka akiwa hana kazi, lami itawafikisha wote wawili haraka zaidi.

Tazama fedha ya korosho yenyewe. Ushuru wa mazao, ambao ndio mkono mkuu wa mapato wa halmashauri za vijijini, ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Ule ushuru ulikuwa unamuumiza mkulima na kupunguzwa kwake kulikuwa na haki, ila pengo la halmashauri halikuwa na mwenyewe. Korosho ikiuzwa mnadani shilingi 4,000 kwa kilo, na msimu wa 2024 ilipita hapo, halmashauri inapata shilingi 120. Kule juu kulikuwa na tozo ya kusafirisha korosho ghafi nje, asilimia 15 ya thamani yake melini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Awali asilimia 65 ya tozo hiyo ilikuwa inarudi kuendeleza zao: utafiti wa kituo cha Naliendele, miche, salfa ya kupulizia mikorosho, pembejeo. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni wakapinga, na wengi tunakumbuka jinsi mjadala ule ulivyokuwa mkali. Uzalishaji uliokuwa umefika tani kama 313,000 msimu wa 2017/18 ukashuka hadi karibu tani 210,000 msimu wa 2020/21. Sababu zilikuwa nyingi, hali ya hewa ikiwemo. Serikali ilipoanza kutoa pembejeo bure kuanzia 2021/22, zao likainuka, na msimu wa 2024/25 tukapita tani 500,000.

Naiheshimu hatua hiyo, na mama amefaidika nayo. Salfa amepata. Lakini tazama mkondo wake: fedha ilipotoka kusini ilitoka kwa uamuzi wa juu, na iliporudi ilirudi kwa uamuzi wa juu. Siku mtu mwingine akiamua vingine, hakuna chochote kwenye sheria kitakachomwezesha mkulima au diwani wake kusema hapana. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kwa ajili ya gesi, damu ikamwagika, na bomba likajengwa mpaka hapa Dar es Salaam. Wengi mjini walisema watu wale ni wachoyo. Hawakuwa wachoyo. Walikuwa wanauliza swali la babu yangu, kwamba nini kitabaki hapa mkishamaliza kubeba.

Hata sisi wa Dar es Salaam tuko kwenye mfumo huohuo, ingawa tunadhani tunapendelewa. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo tunakatwa kwenye umeme. Nikinunua LUKU ya 10,000 naona kwenye meseji makato yake, na mimi ni mpangaji. Kodi ya jengo katika nchi nyingi ni kodi ya mtaa. Inalipwa ili mtaro wa mbele ya nyumba uzibuliwe na taa iwake. Hapa kwetu inakwenda kwanza kwenye chungu kikuu, na mtaro wetu wa Kizuiani unasubiri mgawo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mama mmoja mchapakazi kweli, huzunguka na daftari kutuchangisha 2,000 za kuzibulia. Tumeshalipa, halafu tunachanga.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeisikia ofisini na nimeisikia kwenye daladala. Halmashauri zinaiba. Ni kweli kuna wizi, na ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutuonyesha kila mwaka: makusanyo ya mashine za POS yasiyofika benki, mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyopewa vikundi hewa mpaka ikabidi isitishwe 2023 ipangwe upya. Nimekaa kwenye vikao ambavyo nusu ya muda ilikwenda kwenye posho. Siwatetei. Lakini ripoti hizohizo zinaonyesha hoja nzito wizarani na kwenye mashirika ya umma, na hakuna aliyesema basi wizara zinyang'anywe uamuzi wote. Na tuliwahi kuwa na njia nzuri zaidi ya kunyang'anya. Mwaka 2004/05 ilianzishwa ruzuku ya maendeleo kwa halmashauri ambayo ilikuwa na mtihani: hesabu zako zikiwa safi, vikao vyako vikikaa, vitabu vikikaguliwa, unapata fedha na unaamua mwenyewe na wananchi wako itumike wapi. Ukifeli unakosa, na diwani anarudi kujibu kwa wapiga kura. Nilivyoingia kazini wazee wa ofisi walikuwa bado wanaizungumzia ruzuku ile kama mvua ya mwaka fulani. Walisema watu walikuwa wanakesha kufunga vitabu, si kwa kuogopa mkaguzi, kwa kuogopa kukosa.

Hoja nyingine ni nzito zaidi kwangu. Mikoa hailingani. Ukisema kila mtu abaki na chake, Kinondoni itapaa na wilaya isiyo na zao wala mgodi itakufa. Hapo ndipo Serikali Kuu ina kazi ambayo hakuna mwingine anaweza kuifanya: kukusanya kwa walio nacho na kugawa kwa kanuni inayojulikana, iliyoandikwa, ambayo mwalimu wa hesabu wa Liwale anaweza kuikokotoa akajua mwaka huu wilaya yake inastahili kiasi gani. Wakenya waliandika kwenye katiba yao ya 2010 kwamba kaunti zao 47 zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wana matatizo yao mengi na wizi wao pia. Lakini gavana wa Turkana hasubiri huruma.

Kwa hiyo kama ningekuwa bado na kiti changu na mtu akaniuliza sera mpya iseme nini, ningeomba fungu la tozo ya kila zao na kila rasilimali liandikwe kwenye sheria kwamba linabaki linakotoka, na lisiguswe kwa mabadiliko ya bajeti ya mwaka mmoja. Ningeomba ruzuku ile ya mtihani irudi. Ningeomba sana, hili ndilo linaniuma kuliko yote, kwamba ukomo wa bajeti utoke kabla kijiji hakijakaa kikao, ili watu wapange wakijua wanapangia nini, na kwamba kipaumbele cha kwanza cha kijiji kisifutwe bila maandishi ya sababu kurudi kijijini. Barua tu. Ukurasa mmoja ubandikwe kwenye mbao za matangazo. Ningekuwa nimelazimika kuiandika barua ile usiku ule, sidhani kama ningeufuta ule mstari kwa wepesi.

Wiki iliyopita mama alinipigia. Wameitiwa mkutano wa kijiji wa vipaumbele Jumamosi, na lile boma la banda bado limesimama kijiji cha jirani, mpapai umeotea ndani na umeanza kuzaa. Wanawake wa vijiji viwili wanataka kuliomba kwa pamoja safari hii. Bibi yule yupo, macho yameanza kumsumbua, lakini bado anakumbuka hesabu ya korosho zilizowekwa kwenye ile kadi. Mama alitaka nimwandikie vizuri, “kwa lugha yenu ya ofisini,” ili wasirudishwe kwa kukosea maneno.

Nimeandika kurasa tatu. Nimeweka vipimo vya banda, urefu wa bomba la moshi, ujazo wa tangi, idadi ya wanawake, kilo wanazoweza kubangua kwa siku na bei ya korosho iliyobanguliwa hapa Kariakoo, ambayo niliiuliza kwa yule kijana wa Mtoni kwa sababu yeye ndiye anayenunua. Jana jioni nilikwenda Rangi Tatu nikampa kondakta bahasha pamoja na kiroba cha mama, nimekifua na kukikunja. Aliiweka juu ya dashibodi, akaniuliza kuna nini ndani. Nikamwambia ni maombi ya kijiji, asiiache ikapata maji.